Mlango wa Mashine Namba Nne

Kiwandani, Jumatatu tarehe 2 Machi

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa wiki tatu bila kuandika. Ningekupigia simu kama masikio yako yangekuwa bado yapo kazini, na ujumbe wa simu najua huusomi, kwa madai kwamba herufi zake zimeandikwa na siafu. Basi tuendelee na karatasi zetu, na kondakta wa basi aendelee kuwa posta.

Habari kubwa ni kwamba wameivua turubai mashine namba nne. Oda za mabati zimezidi, mashine tatu hazitoshi, na meneja mpya hana habari na mambo ya zamani. Waendeshaji wamenuna. Wapo wanaopita upande wa pili wa ukumbi ili wasiikaribie, ingawa wengi wao walikuwa hawajaajiriwa siku Mzee Tatu alipopoteza mkono pale. Mimi mwenyewe nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka ulirudi nyumbani bila shati.

Kazi nimepewa mimi. Mota na kisu ni vizima, nimevisafisha na kuvipaka grisi. Kilichobaki ni kukiunganisha kidhibiti mwendo na mtandao wa kiwanda. Enzi zenu lile sanduku la kijivu lilikaa peke yake kabatini likiiamuru mota ikimbie kiasi gani na kisu kishuke wapi, na halikumwambia mtu kitu isipokuwa zile tarakimu mbili za kioo kidogo. Sasa mashine zote zinazungumza na kompyuta ya chumba cha usimamizi kwa waya mmoja, na hii nayo inatakiwa izungumze. Nimeichomekea kadi ya mtandao, nimevuta waya, nimeipa anwani yake kwa kuzungusha kidude cha namba kwa bisibisi, namba nne kama jina lake. Taa ya kijani imewaka. Nikafurahi mapema mno, maana kompyuta inasema kisu kiko kilomita ishirini kutoka mezani.

Kitabu cha mashine kimeliwa na panya. Wewe ndiye kitabu kilichobaki. Nifanyeje?

Hapa bado naitwa Binti Uzi. Mafundi wote, hata wale wasiokujua, wanafunga uzi kwenye kila waya wanaougusa, kila mtu na rangi yake, kwa sababu Fundi Uzi alisema fundi aweke alama ya mkono wake. Buluu yako hawaigusi. Wameniachia mimi.

Msalimie Mzee Tatu.

Binti yako

*

Nyumbani, Alhamisi tarehe 5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kilomita ishirini ni mwendo mzuri kwa kisu kilichokaa miaka kumi na minane bila kazi. Mimi nikitembea hadi dukani nahitaji kupumzika mara mbili.

Usihangaike. Sanduku lile hutuma namba katika vipande viwili, kipande kidogo kwanza, kikubwa baadaye. Kompyuta yenu inasubiri kikubwa kwanza. Wamekalishwa kwenye viti vya wenzao, ndiyo maana milimita zimekuwa kilomita. Wabadilishie viti na kisu kitarudi nyumbani.

Leo ni Alhamisi, Tatu ametoka hapa sasa hivi. Nimemkata kucha. Unajua mkewe haoni vizuri, na mtu mwenye mkono mmoja anaweza kujifunza kufunga kamba za viatu, anaweza kujifunza kuandika upya, lakini kucha za mkono huohuo hazikatiki. Basi anaweka mkono mezani, mimi natwaa mkasi mdogo wa marehemu mama yako, na tunazungumza kwa mtindo wetu: mimi nasema, yeye anaandika kwenye daftari. Leo aliandika kwamba nimezeeka vibaya kuliko yeye. Nikamwambia mwandiko wake ni wa darasa la kwanza. Kabla hajainua kikombe bado anahesabu moja, mbili, tatu. Naona midomo yake.

Sikumwambia kuhusu mashine. Na wewe usimwandikie. Hakuna haja ya kumtonesha kidonda.

Jambo moja la ufundi. Sanduku lile lina kumbukumbu ndani, huandika kila linachofanya. Ni takataka za zamani, zitakuvurugia mtandao. Zifute zote kabla hujaendelea. Shika kitufe cha pembeni huku unawasha umeme, hesabu kumi, kwisha. Usisahau hilo.

Baba yako

*

Kiwandani, Jumatatu tarehe 9 Machi

Baba,

Umeniokoa. Nimevibadilisha vile vipande na kisu kimerudi milimita mia tatu na kumi na mbili kutoka mezani. Nimepima kwa rula nikakuta hivyo hivyo. Fundi mkuu ameuliza nimejuaje. Nimemwambia nina kitabu ambacho panya hawakukifikia.

Kuhusu kumbukumbu, barua yako ilinikuta nimeshaisoma. Mtandao uliivuta wenyewe mara tu vipande vilipokaa sawa: matukio mia mbili ya mwisho, kila moja na tarehe na saa, yakamwagika kwenye kompyuta kama mtu aliyefungwa mdomo muda mrefu. Haijavuruga kitu. Nimeichapisha kwenye karatasi, nikaiweka kwenye droo yangu.

Lakini kuna kitu sikielewi, nakuomba unifafanulie. Kila mstari unasema mota inafanya nini na mlango wa kinga uko katika hali gani, wazi au umefungwa. Mistari ya mwanzo mlango unafunguka na kufungwa kama kawaida, mara nyingi kwa siku. Halafu siku mbili nzima na asubuhi ya siku ya tatu haufunguki hata mara moja. Siku ya tatu ndiyo siku ile, baba. Saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi mota inazidiwa nguvu na kusimamishwa, na mlango bado unasomeka umefungwa. Sasa Mzee Tatu angewezaje kuingiza mkono kwenye mlango uliofungwa?

Nadhani bado nimekosea mahali fulani kwenye kupanga data. Labda waya wa mlango ulikuwa umechomekwa nafasi nyingine zamani. Unakumbuka ulikuwa namba ngapi?

Kikohozi chako kinaendeleaje?

Binti yako

*

Nyumbani, Alhamisi tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Kikohozi kimekwisha. Paa la jikoni limeanza kuvuja upande wa dirishani, nimepanda mwenyewe kuliziba, usinigombeze. Kuku mweupe ametotoa vifaranga saba. Jirani amenunua redio kubwa, na kwa mara ya kwanza nimeshukuru kuwa kiziwi.

Swichi ya mlango ule ilikuwa mbovu tangu ilipotoka dukani. Ilikuwa inasoma inavyotaka. Usiamini kilichoandikwa na swichi mbovu. Namba ya waya siikumbuki, ni zamani mno.

Nilikuambia ufute. Mimi ndiye niliyekufundisha kazi hii na nilidhani bado unanisikiliza. Futa, uikabidhi mashine, uendelee na mambo mengine.

Tatu hakuja leo, ana mafua.

Baba yako

*

Kiwandani, Jumatatu tarehe 16 Machi

Baba,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Vifaranga nimewahesabu, paa nimelielewa. Hukuniambia kitu.

Naandika polepole ili nisikukosee adabu.

Kwanza niliupima mlango. Niliufungua, kompyuta ikasema wazi. Nikaufunga, ikasema umefungwa. Mara hamsini, na mara hamsini ikasema kweli. Kwa hiyo kupanga kwangu hakuna kosa. Pili, swichi iliyopo si mbovu. Ni mpya. Imetengenezwa mwaka uleule wa ajali na haina hata mkwaruzo. Tatu, nimerudi kwenye ile karatasi. Mlango uliokataa kufunguka siku tatu, siku hiyohiyo saa nne na dakika nane unafunguka na kufungwa mara tano mfululizo, haraka haraka, kisu kikiwa kimesimama. Nayajua mapigo hayo, baba. Mara tano. Ndivyo ulivyonifundisha kujaribu swichi.

Ndipo nikaufuata waya wa mlango kutoka kabatini hadi kwenye kile kisanduku cha viungio nyuma ya mota, ambacho hakijafunguliwa tangu wakati huo. Skrubu zilikuwa zimeshikana, nikatumia mafuta na subira. Ndani kuna vituo viwili vya waya wa mlango, na kwenye kila kimoja kuna fundo la uzi wa buluu. Mafundo mawili mawili, mkia mfupi. Ni uzi wa mama, wa cherehani yake. Katikati ya mafundo hayo hakuna waya. Kulikuwa na waya, rangi ya shaba imeacha alama, na ulikuwa unaunganisha vituo hivyo viwili ili mashine idhani mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Mtu aliyeuondoa alikata kwa haraka na hakukumbuka nyuzi.

Najua wachunguzi waliandika nini, kila mtu hapa anajua. Waliandika kwamba mlango ulikuwa mzima, kwamba ukifunguliwa kisu husimama baada ya muda mfupi, na kwamba mwendeshaji hakuusubiri muda huo. Waendeshaji wote wa wakati ule walikuwa na tabia ya kusimamisha mashine kwa kufungua mlango badala ya kubonyeza kitufe, na yeye pekee ndiye aliyehesabu hadi tatu kabla ya kuingiza mkono. Ndiyo maana alikuwa anaitwa Tatu. Baada ya ripoti ile walimwita Tatu Asiyefika Tatu. Sisi watoto tulilicheka jina hilo. Nililicheka mbele yako, nawe hukunikemea wala hukucheka. Ulitoka nje.

Meneja ameziona karatasi. Anataka kumbukumbu ifutwe na makabidhiano yasainiwe Jumatatu tarehe 30, mashine ianze ukurasa mpya. Sahihi inayotakiwa ni yangu, na kuna sehemu ya kuandika yaliyoonekana wakati wa kazi. Naweza kuiacha wazi. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi na wewe.

Niambie, baba. Sitaki kulisoma kwenye mashine tu.

Binti yako

*

Nyumbani, Alhamisi tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Barua yako ilifika jana. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba umetumia mafuta mazuri kufungua skrubu zile. Nimeichana hiyo.

Tatu alikuwa likizo ya msiba, alikwenda kumzika mama yake. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuendesha namba nne, basi nikaiendesha mimi, siku mbili. Swichi ya mlango ilikuwa imelegea. Kila kisu kikishuka kwa kishindo, swichi inaruka, mashine inasimama, naanza upya. Nilikuwa nimeagiza swichi nyingine. Nikajisemea, nipo peke yangu, nitakuwa nabonyeza kitufe kabla ya kufungua, nikafunga kile kipande cha waya. Nikakitia uzi, maana mkono umezoea. Kilikuwa changu mimi, cha siku mbili.

Siku ya tatu asubuhi swichi mpya ilifika. Nilikuwa nayo mfukoni. Nilijua Tatu anarudi kazini siku hiyo. Nilijua ataufungua mlango ule kama alivyoufungua miaka yote. Nilipanga nimsubiri getini nimwambie asiiguse mashine mpaka niibadilishe swichi. Nikapita kwanza kunywa chai. Kulikuwa na mtu anasimulia kichekesho, nikakaa nimalize kusikia. Hicho kichekesho hadi leo nakikumbuka neno kwa neno, na sijawahi kukisimulia kwa mtu.

Nilisikia kelele nikakimbia. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Nilimfunga mkono kwa shati langu. Walipombeba wote wakatoka naye, nikabaki mimi na mashine. Nikafungua kisanduku, nikakata waya, nikafunga swichi mpya, nikaijaribu mara tano. Sikuwaza. Mikono ilifanya kazi kama inavyofanya siku zote, na ilipomaliza ndipo nilipoona imefanya nini.

Wachunguzi walipokuja waliniuliza kama mlango unafanya kazi. Nikaufungua mbele yao, taa ya mlango ikazimika. Nikasema unafanya kazi. Hawakuniuliza zaidi ya hapo, wala hawakuiwasha mota kupima. Sikusema neno moja la uongo siku ile, nenda kaangalie karatasi zao. Nimejifariji kwa hilo miaka kumi na minane, na halijanifariji hata Alhamisi moja.

Kuna kitu kingine, hiki ndicho kizito. Hospitalini, alipozinduka, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mimi. Wakati huo nilikuwa bado nasikia. Hakuuliza mkono uko wapi. Aliniuliza, "Nilifika tatu?" Nikamjibu, sijui, sikuwepo. Akasema yeye anaona alihesabu, lakini labda alihesabu haraka, labda alikuwa anamfikiria mama yake. Nami nikanyamaza. Nilimwacha ajitilie shaka mwenyewe. Mpaka ripoti inasomwa alikuwa ameshaanza kukubali, na mwaka ulipokwisha alikuwa anawaambia wanawe, baba yenu hakusubiri, ninyi msubiri.

Unadhani nampenda Tatu ndiyo maana namkata kucha. Nampenda kweli. Lakini naogopa pia. Kila Alhamisi naushika ule mkono uliobaki na nachunguza vidole, kimoja kimoja, kama mlinzi anayehesabu mali.

Fanya utakavyoona. Jina ni lako pia, na wewe ndiye unayelitumia sasa. Ukiiacha sehemu ile wazi sitakudharau.

Baba yako

*

Kiwandani, Jumapili tarehe 22 Machi

Baba,

Nimelia, kisha nikafua nguo zote za wiki, kisha nikakaa kukuandikia.

Sitaiacha wazi. Mashine hii itaendeshwa na watu, na nikianza kuficha habari za mlango wake sitakuwa na haki ya kumwambia yeyote aingize mkono pale. Nitaandika kuhusu siku tatu, nitaandika kuhusu mara tano, nitaandika kuhusu uzi. Anayeijua rangi ya buluu atajua. Hapa wote wanaijua.

Lakini Mzee Tatu asisikie kwenye ripoti. Alishasomewa ripoti moja maishani, inatosha. Asikie kwako, wewe mwenyewe, kabla ya tarehe 30. Alhamisi ijayo ni tarehe 26. Atakuja.

Sijui nikuambie nini kama mwanao. Nakupenda na nimekukasirikia, na vyote viwili haviondoki. Wewe ndiye uliyenifundisha kufuata waya mpaka mwisho wake. Nimeufuata. Kipande kilichobaki ni chako.

Usimwambie huku unamkata kucha. Weka mkasi chini kwanza.

Binti yako

*

Nyumbani, Alhamisi tarehe 26 Machi

Mwanangu,

Nimemwambia.

Alikuja saa nne kama kawaida, akaweka daftari mezani, akaweka mkono. Sikuuchukua mkasi. Aliona, akanitazama. Nikasema yote, kuanzia swichi iliyolegea hadi kichekesho, nikamaliza na hospitali. Sikuweza kumtazama, nilikuwa natazama midomo yake tu, kwa mazoea, na haikusogea.

Unajua adhabu ya kuwa kiziwi? Nilipomaliza sikujua kama kuna kimya au anapiga kelele. Ikabidi niinue macho. Alikuwa amekaa vilevile. Mkono wake ulikuwa bado mezani, vidole vimenyooka, kama bado anasubiri vikatwe.

Baadaye akachukua kalamu. Iliniwia kama anaandika kurasa kumi. Akaligeuza daftari upande wangu. Ameandika maneno mawili:

Nilifika tatu?

Nikamwambia, ndiyo. Ulifika. Hata ungefika mia, kisu kile kisingesimama.

Alilifunga daftari, akalitia kwapani, akaondoka. Hakubamiza mlango wala nini, aliufunga taratibu. Chai yake iko hapa mbele yangu. Sijaimwaga.

Andika ripoti yako. Andika na jina langu, usiwaachie wabahatishe kwa uzi.

Baba yako

*

Kiwandani, Jumanne tarehe 31 Machi

Kwa Mzee Tatu,

Shikamoo baba mdogo.

Sijui kama una hamu ya kupokea barua kutoka nyumba yetu. Nitasema machache.

Jana nimeikabidhi mashine namba nne, na kwenye makabidhiano nimeandika yote, pamoja na jina la baba, kwa idhini yake. Meneja alikasirika. Alisema nimefukua kaburi. Fundi mkuu alisoma karatasi zile amesimama, akakaa, akazisoma tena, kisha akasema ripoti ya zamani lazima iandikwe upya na isomwe mbele ya waendeshaji wote mahali palepale iliposomwa ile ya kwanza. Itasomwa Ijumaa tarehe 10 Aprili.

Siku hiyohiyo tutajaribu mlango kwa mara ya mwisho, mashine ikikimbia bila bati. Sheria inataka aufungue mtu anayeijua mashine. Nimekataa kuufungua mimi. Nimesema yupo anayeijua zaidi.

Sikuombi umsamehe baba. Sikuombi kitu chochote kwa ajili yake. Nakuomba uje kwa ajili ya mlango.

Na nakuomba radhi kwa ajili yangu. Nilipokuwa mtoto nililicheka lile jina.

Mwanao, Binti Uzi

*

Nyumbani, Jumanne tarehe 14 Aprili

Mwanangu Binti Uzi,

Marahaba. Vumilia mwandiko, baba yako anasema ni wa darasa la kwanza na hapo hakosei.

Nakushukuru kwa kunipokea Ijumaa. Sikuweza kusema pale, watu walikuwa wengi, na wale waendeshaji walivyosimama wote nilipoingia nilisahau hata nilichokusudia. Nakuandikia sasa ili ujue niliona nini.

Nilisimama pale pale. Sakafu mmeipaka rangi, lakini nguzo ni ileile. Uliiwasha, kisu kikaanza kukimbia, nikasikia mlio wake nikajua mara moja ni yenyewe. Niliweka mkono kwenye mshikio wa mlango, huu wa kushoto, na nikashindwa kuufungua. Wewe ulidhani nasubiri ishara. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba nitafungua, nitahesabu, na nitagundua kwamba huwa nahesabu haraka.

Nikafungua. Moja. Kisu kilikuwa kimeshasimama kabla sijafika mbili. Nikaendelea mpaka tatu hivyo hivyo, ulinisikia, nilihesabu kwa sauti kama mtoto. Kule nyuma kuna mtu alihesabu pamoja nami. Ukanionyesha kwenye kompyuta ile, mlango wazi, mota imesimama, na saa yake. Nilikuomba ile karatasi. Nimeibandika ukutani juu ya kitanda, mke wangu hawezi kuisoma lakini anaigusa.

Mwanangu, hujui ni nini kuishi bila kujiamini hadi tatu. Sikuwahi kubeba mtoto wangu mgonjwa kuvuka barabara, nilimwachia mama yake. Sikuwahi kushika usukani. Harusini kwa binti yangu waliniomba niseme maneno mawili nikakataa, nilijiona mtu asiyeweza kusubiri pumzi tatu, atamwambia nini bwana harusi. Mkono nilishauzoea usiokuwepo. Hilo jingine sikulizoea, na aliyelijua alikuwa ananimiminia chai.

Kwa hiyo nina hasira. Nisiseme uongo. Nikimtukana hasikii, itabidi nimwandikie, na nimeshajaza kurasa sita za daftari, bado sijafika nusu. Sijui kama nitamsamehe. Ananijia akilini akinifunga kwa lile shati lake, na nusu dakika baadaye ananijia akikata ule waya, na ni mikono ileile. Sijui niishike ipi.

Alhamisi mbili sikwenda. Alhamisi iliyopita nilipita njia ya nyuma nikamwona amekaa mezani. Vikombe viwili. Mkasi upo. Amezeeka vibaya, si utani sasa.

Mke wangu amejaribu kunikata kucha, amenikata nyama mara mbili. Binti yangu yuko mbali. Kinyozi alicheka. Zimeota, zinashika nyuzi za blanketi.

Keshokutwa ni Alhamisi. Nitakwenda. Nitaweka daftari mezani, kurasa zote sita, azisome kwanza mbele yangu mpaka nukta ya mwisho. Nitahesabu tatu. Halafu nitaweka mkono.

Mwandikie atafute mkasi wenye makali.

Mzee Tatu